Kulegeza viungo bila kujivuta kila siku: mwongozo kamili kwa mwanamichezo

Malalamiko ni yale yale. Mtu anajinyoosha kila jioni, anashika vidole vya miguu, anahesabu hadi 30, anahisi amelegea. Kesho yake anaamka amekakamaa vile vile. Anaongeza muda, anavuta kwa nguvu zaidi, mwezi unakatika, na siku ya mechi mguu bado haupandi anapotaka kuuwahi mpira wa juu.

Bidii anayo, njia ndiyo inayomwangusha. Kunyoosha kwa kutulia, yaani kuuvuta msuli na kubaki hapo, kuna faida yake, lakini sehemu kubwa ya faida hiyo ni uvumilivu: neva zinakubali kuvutwa zaidi kabla hazijapiga kelele. Ule ulaini unaousikia ukiinuka sakafuni hupungua ndani ya saa moja, mara nyingi mapema zaidi. Na upeo unaobaki, yaani umbali ambao kiungo kinaweza kufika, kama huna nguvu ndani yake, mwili hautakuachia uutumie ukiwa kwenye kasi.

Hapa tunafuata njia nyingine: kujenga nguvu huku msuli ukiwa umerefuka. Mwaka 2021 José Afonso na watafiti wenzake walikusanya majaribio 11 yaliyolinganisha mazoezi ya nguvu na kunyoosha, na hawakuona tofauti ya maana kati ya hayo mawili katika kuongeza upeo wa viungo. Kwa mwanamichezo hiyo ni habari kubwa, maana dakika zile zile zinampa wepesi pamoja na nguvu. Sharti lake ni kwamba zoezi lifike mwisho wa upeo wako, tena polepole. Ukichuchumaa nusu na kuinuka haraka, hutavuna wepesi wowote.

## Nani asianze kwanza

Kama una jeraha jipya, msuli uliochanika, kiungo kilichovimba, ganzi inayoshuka mguuni au mkononi, au ulifanyiwa upasuaji wa kiungo hivi karibuni, muone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuna kundi jingine linalosahauliwa: watu ambao viungo vyao tayari vimelegea kupita kiasi. Kama kidole gumba chako kinaweza kulazwa hadi kiguse upande wa ndani wa mkono, kati ya kiganja na kiwiko, viwiko na magoti yanapinda kwenda nyuma, na viganja vyako vyote vinatua sakafuni bila kukunja goti, huhitaji upeo zaidi. Unachohitaji ni nguvu ya kuudhibiti huo ulio nao. Ruka hatua ya 4, na kwenye hatua ya 5 simamisha kila zoezi kabla ya mwisho kabisa wa kiungo.

## Vifaa

- Ukuta, na rula au futi ya kupimia.
- Taulo refu au mkanda usionyumbuka.
- Ngazi, au ubao mnene usioteleza, wenye kimo cha sentimita 10 au zaidi.
- Fimbo iliyonyooka, hata mpini wa ufagio.
- Uzito unaoweza kuongezwa: dambeli, au begi la mgongoni unalolijaza kidogo kidogo.
- Chuma imara cha kuning'inia.
- Mto mdogo wa kuwekea goti.
- Simu ya kurekodi video kutoka ubavuni, na daftari.

Rola ya kukandia misuli ni nzuri ukiwa nayo. Ukiikosa, endelea tu. Daftari na video ndivyo usivyoweza kuviacha, maana wengi wanaosema hawaendi mbele hawakuwahi kuandika walipoanzia.

## Hatua ya 1: Pima upeo wa aina mbili

Kila kiungo kina upeo unaoufikia kwa nguvu zako mwenyewe, na upeo unaoufikia ukisaidiwa na mkono, taulo au uzito wa mwili. Pengo kati ya hizo mbili ndilo litakalokuambia tatizo lako ni lipi.

Nyuma ya paja. Lala chali, mguu mmoja umenyooka sakafuni. Inua mwingine, goti limenyooka, hadi pale unapokwama bila kuushika. Rekodi kutoka ubavuni. Kisha weka taulo kwenye unyayo, uvute taratibu hadi pale goti linapotaka kukunjika au mguu wa chini unapoanza kunyanyuka. Rekodi tena.

Tuseme bila taulo umefika nyuzi 60, na kwa taulo umefika 85. Msuli wako wa nyuma ya paja si mfupi. Misuli ya mbele ya nyonga ndiyo iliyo dhaifu, na ungeweza kujinyoosha mwaka mzima bila kuigusa shida yenyewe. Mtu wa namna hii anapaswa kutumia muda mwingi kwenye hatua ya 6. Lakini kama bila taulo umefika 60 na kwa taulo 65, hapo ni kweli nyuma ya paja panakaza, na hatua ya 4 na ya 5 ndizo zitakazokusaidia.

Kifundo cha mguu. Piga goti moja mbele ya ukuta, unyayo wa mguu wa mbele ukiwa bapa sakafuni. Sogeza goti la mbele liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti liguse kwa shida, kisha pima kutoka ncha ya kidole gumba cha mguu hadi ukutani. Wengi wasio na tatizo hufika sentimita 10 hadi 12 hivi. Angalia pia tofauti ya miguu miwili: ikizidi sentimita 2, ule mgumu unahitaji kazi zaidi.

Mabega. Simama mgongo ukiwa ukutani, visigino hatua ndogo mbele, kiuno kimegandamizwa ukutani. Inua mikono iliyonyooka juu ya kichwa. Vidole gumba vinagusa ukuta bila kiuno kuachana nao? Kama kiuno kinaondoka, upeo ule ulioudhania ni wa bega ulikuwa wa mgongo.

Kuchuchumaa. Chuchumaa hadi chini bila viatu, rekodi kutoka mbele na ubavuni. Andika kinachoharibika kwanza: kisigino kunyanyuka, magoti kuingia ndani, au kifua kuanguka mbele.

Umefanikiwa kwenye hatua hii ukiwa na namba kwenye daftari na kiungo kimoja, au viwili tu, ulivyochagua kuvifanyia kazi. Ukichagua vyote kwa mpigo, utachoka wiki ya pili.

## Hatua ya 2: Pasha mwili mpaka jasho lianze

Tembea haraka, kimbia taratibu, ruka kamba au endesha baiskeli kwa dakika 5 hadi 8. Msuli wenye joto una ukinzani mdogo, na neva hazishtuki upesi.

Kisha bembeza viungo: mguu mbele na nyuma, mguu kulia na kushoto, mikono kwa mizunguko mikubwa, mara 10 hadi 15 kila upande. Anza na mbembeo mdogo na uuongeze polepole. Onyo langu ni kwa wale wanaorusha mguu kwa nguvu toka mara ya kwanza. Msuli unaonyooshwa kwa ghafla hujikaza kujilinda, kwa hiyo unavuna kinyume cha ulichokuja kutafuta.

Utajua umekuwa tayari ukiona mbembeo wa mwisho umepanda juu kuliko wa kwanza bila wewe kuongeza nguvu.

## Hatua ya 3: Kanda kidogo, ukitaka

Pitisha rola kwenye msuli ulioulenga kwa sekunde 60 hivi, mara moja au mbili. Upeo utaongezeka kwa muda mfupi, bila nguvu zako kupungua. Usisage juu ya mfupa, nyuma ya goti, wala kwenye kiuno. Maumivu makali hayaleti faida ya ziada. Rola inafungua nafasi ya dakika chache tu. Kazi utakayoifanya ndani ya dakika hizo ndiyo itakayobaki.

## Hatua ya 4: Kaza, kisha legeza

Hii ndiyo hatua inayompa mtu imani, kwa sababu matokeo yake yanaonekana papo hapo. Unaupeleka msuli karibu na mwisho wake, unaukaza dhidi ya kizuizi, unaulegeza, halafu unasogea mbele kidogo. Baada ya kukaza, ile hisia ya kuvutwa inapungua, na mwili unakubali kwenda mahali ulipokuwa unapakataa.

Kwa nyuma ya paja, fanya hivi:

1. Lala chali, taulo kwenye unyayo, goti limenyooka. Vuta hadi uhisi mvuto wa wastani. Kwenye kipimo cha 10, ukae kwenye 5 au 6.
2. Sukuma kisigino kwenye taulo kana kwamba unataka kuurudisha mguu sakafuni. Taulo lisisogee. Tumia nusu ya nguvu zako, sekunde 5 hadi 6.
3. Toa pumzi taratibu huku ukiacha kusukuma. Subiri kama sekunde 2, msuli ulegee kweli.
4. Vuta mguu hadi kizuizi kipya. Baki hapo sekunde 15.
5. Rudia mara 3. Usizidishe 4.
6. Mara ya mwisho, achia taulo na ujaribu kuushikilia mguu hapo hapo kwa nguvu zake kwa sekunde 5.

Kipengele cha 6 ndicho watu wanachokiruka, nami nasihi kisirukwe. Upeo mpya umeupata sekunde chache zilizopita. Ukiutumia hapo hapo kwa nguvu zako mwenyewe, neva zinapata sababu ya kuukubali. Mguu utashuka kidogo taulo likiachiwa, na hilo ni la kawaida kabisa.

Kwa mbele ya nyonga, piga goti moja juu ya mto, kaza kalio la mguu wa nyuma, kisha jaribu kulivuta goti la nyuma kwenda mbele kana kwamba unakunja mkeka. Goti lisisogee. Kwa shavu la mguu, weka sehemu ya mbele ya unyayo kwenye ukingo wa ngazi, shusha kisigino, kisha gandamiza ngazi kwa vidole. Hesabu ni zile zile.

Usikaze kwa nguvu zote. Wengi hufanya hivyo wakidhani ndiyo bidii, halafu msuli unashikwa na mkazo au unachubuka kwenye kano. Na usibane pumzi. Ukishindwa kupumua kwa utulivu, umekwenda mbali mno.

Mafanikio: kizuizi cha mara ya tatu kiko mbele ya kile cha kwanza, bila hisia ya mvuto kuzidi ile uliyoanza nayo.

## Hatua ya 5: Jenga nguvu msuli ukiwa mrefu

Hapa ndipo mabadiliko ya kudumu yanapotengenezwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Msuli ukibeba uzito huku ukirefuka, nyuzi zake zinaweza kurefuka baada ya wiki kadhaa, na nguvu yake inasogea kuelekea kwenye ule urefu ambako awali ilikuwa haipo. Kunyoosha kwa kutulia hakumpi mtu hicho cha pili.

Kanuni ya mwendo kwa mazoezi yote ya hatua hii: shuka kwa sekunde 4, tulia chini sekunde 2, panda kwa kasi ya kawaida. Ongeza kina kwanza. Uzito uongezwe baadaye, kina kikishakuwa chako.

### Nyuma ya paja: kuinama kwa nyonga

Hili ndilo zoezi linaloharibiwa kuliko yote, basi tulitazame kwa karibu.

Simama umbali wa unyayo mmoja kutoka ukutani, ukuta ukiwa nyuma yako. Shika fimbo mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa mkia. Legeza magoti kidogo, na yabaki hivyo hivyo. Sasa peleka makalio nyuma hadi yaguse ukuta. Kifua kinashuka kwa sababu makalio yamekwenda nyuma, wala hukikusudia. Sogea mbele sentimita chache, rudia. Endelea kusogea hadi ukuta uufikie kwa shida.

Tazama video kutoka ubavuni. Utaona makalio yakienda nyuma, yakienda nyuma, halafu yanasimama. Kama kichwa kinaendelea kushuka baada ya hapo, kinachoshuka ni mgongo unaojikunja, na fimbo itakuwa imeachana na mfupa wa mkia au kisogo. Pale makalio yaliposimama ndipo mwisho wako wa leo. Hata kama ni juu ya goti, ni hapo hapo. Kuna watu wanagusa sakafu kila siku kwa mgongo uliopinda na wanaamini nyuma ya paja zao zimelegea, kumbe hazijasogea hata kidogo.

Ukishaumudu mwendo, shika uzito mbele ya mapaja, uteremke ukiparaza miguu. Raundi 3 za marudio 8. Chagua uzito ambao ukimaliza la nane unahisi ungeweza mengine 2 au 3. Baada ya wiki kadhaa, jaribu mguu mmoja mmoja.

Kwa wachezaji wa michezo ya mbio na kubadilisha mwelekeo, ongeza baadaye zoezi la kupiga magoti na kushuka kifudifudi polepole, visigino vikiwa vimeshikwa na mwenzako. Uchambuzi wa Nicol van Dyk na wenzake wa mwaka 2019 uliona kuwa programu zenye zoezi hilo hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Lakini anza na raundi 2 za marudio 3 au 4 tu. Ukianza na mengi, siku mbili zinazofuata utapata shida hata kuketi.

### Shavu la mguu na kifundo

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, shika ukuta kwa usawa. Panda kwa miguu miwili, hamishia uzito kwenye mmoja, shuka kwa sekunde 4 hadi kisigino kiwe chini ya ngazi, tulia. Raundi 3 za marudio 8 hadi 10.

Fanya raundi nyingine 2 goti likiwa limekunjwa. Usiziache hizi kama kuchuchumaa ndiko kunakokusumbua: msuli wa ndani wa shavu la mguu hauvuki goti, kwa hiyo ndio unaokuzuia goti likiwa limekunjwa, na zoezi la goti lililonyooka haliufikii vizuri.

### Mbele ya nyonga

Weka mguu wa mbele juu ya ngazi, wa nyuma mbali nyuma yako. Sukuma goti la mbele lipite vidole, huku nyonga ya nyuma ikishuka na goti la nyuma likibaki karibu limenyooka. Kaza kalio la mguu wa nyuma safari nzima. Kiuno kikijipinda, mvuto unahama kutoka nyonga kwenda mgongoni, punguza kina. Raundi 3 za marudio 6 kila upande. Goti la mbele likiuma, weka mguu juu zaidi au usilisogeze mbali.

### Kinena

Tanua miguu sana, chuchumaa upande mmoja huku mguu wa pili ukinyooka, vidole vyake vikitazama juu. Shikilia kitu mwanzoni. Hapa sihimizi uzito kabisa kwa wiki tatu za kwanza, maana kinena kikijeruhiwa hupona polepole. Raundi 2 hadi 3 za marudio 6.

### Mabega

Ning'inia kwenye chuma sekunde 20 hadi 30, mara 3, miguu ikigusa chini kidogo kama uzito wa mwili ni mwingi. Kisha lala chali kwenye benchi, shika uzito mdogo kwa mikono miwili juu ya kifua, ushushe nyuma ya kichwa polepole bila mbavu kunyanyuka. Marudio 8, raundi 3. Aliyewahi kuteguka bega asining'inie mpaka apate ruhusa ya mtaalamu.

### Dalili za mafanikio na za hatari

Uchungu wa misuli unaoanza ndani ya saa 24 hivi na kuisha ndani ya siku tatu ni wa kawaida, hasa wiki ya kwanza. Maumivu makali ya sehemu moja, ndani ya kiungo au pale msuli unaposhikana na mfupa wa kukalia, si ya kawaida. Hayo ya mwisho huwapata wanaolazimisha kuinama. Yakitokea, punguza kina na uzito mpaka yatulie.

Hatua hii imefaulu kama uzito ule ule unaubeba kwa kina kikubwa zaidi, mgongo ukiwa umetulia vile vile.

## Hatua ya 6: Inua kiungo pale kinapoishia

Sasa unaifundisha misuli ya upande wa pili kukipeleka kiungo mwisho bila msaada. Waliogundua pengo kubwa kwenye hatua ya 1 wakae hapa zaidi.

Kaa sakafuni, miguu yote imenyooka mbele, mgongo wima. Weka kiatu kando ya kifundo. Inua mguu mmoja, goti limenyooka, uvuke kiatu kwenda nje na kurudi ndani. Marudio 5 kila upande, raundi 3. Kama mgongo unaanguka nyuma, weka mikono sakafuni nyuma yako. Kadiri unavyoimarika, isogeze mikono mbele.

Kwa mzunguko wa nyonga, kaa huku mguu mmoja ukiwa umekunjwa mbele yako na mwingine umekunjwa ubavuni, kila goti likiwa na pembe ya nyuzi 90. Kifua kikiwa juu, jaribu kunyanyua unyayo wa mguu wa nyuma bila goti kuondoka sakafuni. Huenda usinyanyuke hata kidogo. Endelea kujaribu kwa sekunde 5, mara 5. Hata juhudi isiyoonekana kwa macho inaifanyisha misuli kazi.

Kwa mabega, lala kifudifudi, mikono imenyooka mbele, nyanyua vidole gumba kuelekea juu na ushikilie.

Kukazwa ghafla kwa msuli hapa ni jambo la kutarajia, kwa sababu unafanya kazi ukiwa umefupika sana. Pumzika, tikisa, rudia kwa nguvu ndogo. Mafanikio utayaona kwenye video: ule mguu usio na taulo unaanza kuukaribia ule wenye taulo.

## Hatua ya 7: Panga wiki, na ujue nini kije kabla ya mchezo

Hatua ya 2 hadi ya 6 zifanye mara 2 kwa wiki, au 3 ukiwa nje ya msimu, kukiwa na saa 48 angalau kati ya kipindi na kipindi. Siku zilizobaki, hatua ya 2 na ya 6 peke yake, dakika 10, uzito ukae pembeni. Kazi nzito ya hatua ya 5 isifanywe siku moja au mbili kabla ya mechi.

Siku ya mchezo, pasha mwili, bembeza viungo, fanya miendo ya mchezo wako kutoka taratibu hadi kasi kamili. Basi. Ukipenda kunyoosha kwa kutulia kabla ya mchezo, usishikilie msuli mmoja zaidi ya sekunde 60, kwa kuwa hapo nguvu na kasi huanza kupungua kidogo. Baada ya mchezo nyoosha upendavyo.

Wanaocheza dansi, sarakasi na jimnastiki, ambao mchezo wenyewe unadai mguu ufike pembe kubwa, bado watahitaji kunyoosha kwa kutulia pamoja na haya. Siwezi kuwaambia waache.

Pima upya kila baada ya wiki 4, kwa vipimo vile vile, saa ile ile ya siku, baada ya kupasha mwili kwa namna ile ile. Mabadiliko ya wiki mbili tatu za kwanza ni ya neva zaidi. Ya msuli wenyewe huanza kujionyesha kati ya wiki ya 6 na ya 10, kwa hiyo usibadilishe programu kabla ya hapo.

## Ukikwama

Unahisi kuungua au mchonyoto nyuma ya goti. Huenda kinachovutwa ni neva. Kaa kwenye kiti, mgongo umelegea na kichwa kimeinama, nyoosha goti hadi hisia ianze, kisha inua kichwa. Hisia ikipungua kwa kuinua kichwa tu, basi kuvuta zaidi kutaikera. Badala yake telezesha: nyoosha goti huku ukiinua kichwa, kunja goti huku ukiinamisha kichwa, mara 10 hadi 15, bila maumivu. Ganzi au udhaifu wa mguu ukiongezeka, nenda hospitali.

Upande mmoja haukubali kabisa. Anza kila zoezi na upande huo, na uupe raundi moja ya ziada. Usiuache upande mzuri bila kazi.

Uchungu hauishi. Punguza raundi, usipunguze kina. Kagua pia usingizi na mzigo wa mazoezi mengine, kwa sababu msuli uliochoka hukaza wenyewe.

Namba hazijasogea baada ya wiki 8. Rudia video zako za hatua ya 5. Mara nyingi sekunde 4 za kushuka zimeshageuka 1, au kina kimepungua tangu uzito uongezwe. Shusha uzito kwa theluthi moja na uanze kuhesabu kwa sauti.

Unabanwa mbele ya nyonga ukichuchumaa. Mvuto hauko nyuma wala kinenani, ni kitu kinachogota kwa mbele. Hapo mfupa unaweza kuwa umekutana na mfupa, kwa maana maumbo ya nyonga hutofautiana mtu na mtu, na hakuna zoezi litakalouondoa mfupa. Tanua miguu zaidi, geuza vidole nje kidogo, ujaribu tena. Kama kugota kumekwisha, huo ndio mchuchumao wako; fanya mazoezi yote kwa msimamo huo. Kama kunabaki kwa kila msimamo, au kunauma hata ukitembea, simamisha mazoezi ya nyonga na upimwe na mtaalamu.